Kwa Nini Ukurasa wa Damu ni wa Polepole

Ujumbe wenu uliingia kwenye simu nikiwa shambani hapa Buyangu, nawafukuza tumbili waliotoka msituni kuja kuonja mahindi yangu kabla sijayaonja mwenyewe. Nikaketi kwenye kisiki nikausoma. Mmeuliza hivi: "Mama Nafula, kurasa zote za mfumo wa hospitali zimewekewa kache isipokuwa ukurasa wa damu. Ndio wa polepole kuliko zote. Mlisahau? Tuuwekee?"

Hatukusahau, wanangu. Na kabla hamjaugusa, kaeni kidogo niwasimulie. Tangu nistaafu nina nafasi ya kusimulia, na tumbili hawana subira ya kusikiliza.

Nyinyi mmekuta ofisi yenye vioo na viti vinavyozunguka. Sisi chumba chetu kilikuwa nyuma ya jengo la utawala, mahali palipokuwa stoo ya mashuka. Mvua ikinyesha ungesikia harufu ya sabuni ya kufulia ikitoka ukutani. Ndani mlikuwa na seva moja, feni moja, meza mbili, na Makokha.

Makokha ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mahindi kutoka Lugari, mrefu, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likiwaka, kwa sababu feni ile ilielekezwa kwa seva na mgongo wake ulikuwa njiani. Alikuwa amesoma chuo na vyeti alikuwa navyo, lakini hakuvitaja. Alizungumza na seva kama mtu anavyozungumza na ng'ombe wa maziwa: "Haya mama, amka. Watu wanangoja."

Na alikuwa na masikio ya mvua. Mnajua mvua zetu. Mchana mawingu yakianza kukusanyika upande wa msitu, Makokha aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama ni chakula, akaenda kuchomoa nyaya zote zilizotoka nje ya jengo. Radi ya Kakamega haina adabu. Ilishatuunguzia swichi, ikatuunguzia simu ya mezani, siku moja ikaunguza birika la umeme la mhasibu. Mpaka leo nikisikia ngurumo, mkono wangu unatafuta waya wa kuchomoa.

Sasa, huo mfumo. Ulikuwa wa ndani ya hospitali tu, kama ulivyo leo. Kila wodi ilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilifungua kurasa zilezile: wagonjwa, vitanda, dawa, madaktari wa zamu, damu. Kila mtu alipobonyeza, swali lilikimbia hadi kwa seva ile moja, seva ikatafuta, ikajibu. Asubuhi madaktari wakianza kuzunguka wodi, maswali yalifika kwa pamoja na seva ikalemewa. Sista akibonyeza aliweza kwenda kumpima mgonjwa joto, akarudi, akakuta bado kile kiduara kinazunguka.

Makokha alikaa wiki kadhaa akisoma maswali yaliyokuwa yanaingia. Siku moja akaniita.

"Nafula, hawa watu wanaulizanga swali moja. Wodi ya watoto inataka orodha ya dawa. Wodi ya wanaume inataka hiyo hiyo. Na seva inaenda kuichota upya kila mara. Sasa wewe, hapa ofisini, tunapikanga chai upya kila mtu akitaka kikombe?"

Akaonyesha themosi yetu. Chai ilipikwa asubuhi, ikamiminwa mle, na kila mtu akajisaidia.

Hiyo ndiyo kache mnayoizungumzia. Makokha aliiita nakala ya karibu. Wa kwanza kuuliza ndiye anayeisumbua seva. Jibu linawekwa karibu, kwenye mashine ya mbele, yaani kompyuta ndogo tuliyoiongeza kati ya wodi na seva, na wote wanaokuja baada yake wanapewa nakala. Baada ya muda uliowekwa nakala inatupwa, na anayefuata anachota upya.

Siku ya kwanza ya majaribio tulicheka hadi machozi. Makokha alikuwa amezipa nakala jina la ukurasa bila kuongeza jina la wodi. Kwa hiyo aliyefungua kwanza ukurasa wa wagonjwa alikuwa wodi ya uzazi, na wote waliofuata wakapewa nakala yake. Wodi ya wanaume wakapiga simu: "Makokha, kulingana na kompyuta yako, mzee wa kitanda cha dirishani amejifungua mapacha. Tumwambie au tungoje bibi yake?" Mzee mwenyewe aliposikia aliuliza kama ni wavulana. Makokha aliongeza jina la wodi kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nyinyi mkiipa nakala jina, jiulizeni: ni nini kinachofanya jibu hili liwe tofauti na lile? Kila kitu kinacholitofautisha lazima kiwe ndani ya jina.

Baada ya hapo mfumo ulikwenda vizuri sana. Nakumbuka Sista Ayuma, msimamizi wa wodi ya uzazi, alikuja mwenyewe ofisini kushukuru, na Sista Ayuma hakuwa mtu wa kushukuru ovyo. Kurasa zilifunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Makokha alitembea kwenye korido za hospitali kama bwana harusi.

Lakini alikuwa amefanya jambo moja kwa ajili ya urahisi. Nakala zote alizipa umri mmoja. Majina ya madaktari, bei za dawa, vitanda, damu, zote ziliishi muda uleule kabla ya kutupwa. Ukurasa wa damu ndio aliofurahia zaidi kuuwekea nakala, maana ndio uliokuwa mzito kupita wote. Tulivyoupanga zamani, kila ulipofunguliwa ulihesabu kila mfuko wa damu ulioingia tangu mfumo uanze, ukaondoa kila uliotoka, ndipo ukakwambia umebaki mingapi. Nakala ilificha uzito huo. Hakuna aliyeuona tena.

Siku ninayotaka kuwaambia, nilikuwa wodi ya uzazi. Printa ilikuwa imemeza karatasi na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiitoa vipande vipande. Akaletwa mama mmoja kutoka Malinya, mjamzito, akivuja damu. Mumewe alikuwa nyuma yake na matope mekundu hadi magotini. Alikuwa ameitwa kutoka kwenye shimo la dhahabu alikokuwa akichimba. Alisimama mlangoni akiwa ameshika viatu vya mkewe.

Daktari alikuwa na uamuzi wa kufanya: kumpasua pale pale, au kumwahisha hospitali nyingine wakati bado ana nguvu. Akauliza, "Sista, damu yake iko?"

Yule mama alikuwa wa kundi O hasi, damu ambayo si rahisi kuipata. Sista Ayuma akabonyeza. Ukurasa ukafunguka mara moja, kama tulivyojivunia. Mifuko miwili.

"Iko, daktari."

"Basi tunaenda thieta."

Wakamsukuma. Nesi akatumwa maabara na kile kisanduku cha barafu cha kubebea damu. Mimi nikaendelea na printa yangu. Nesi akarudi mbio, na kisanduku kikiwa kitupu.

"Bi. Mwanaidi anasema hakuna. Ile iliyokuwako wamepewa watu wa ajali ya barabarani, sasa hivi tu."

Sista Ayuma aligeuka akatazama kompyuta. Bado ilisema miwili. Akaufungua ukurasa tena. Miwili. Akaizungusha ile skrini mpaka ikanitazama mimi pale chini, akaweka kidole juu ya namba.

"Nafula, hii inasema nini?"

Niliinuka nikakimbia.

Mvua ilikuwa imeanza. Nilivuka uwanja nikamkuta Makokha anachomoa nyaya. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Alisimama na waya mkononi, akatazama ile mashine ya mbele kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

"Damu gani?" akauliza.

"O hasi."

Akauweka waya chini. "Mimi ni O hasi."

Tangu nimjue sikuwahi kumwona Makokha akikimbia. Siku hiyo alinitangulia kufika maabara, na sweta yake akaiacha njiani kwenye matope.

Bi. Mwanaidi ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara ya damu. Mwenyeji wa Mumias, mtaji wake ulikuwa sauti. Ushungi wake aliuchomeka ndani ya koti jeupe, na hakuna daktari aliyethubutu kuingia kwenye chumba chake bila kubisha. Tulimkuta kwenye simu, akizungumza na wenzake wa hospitali moja ya kwao Mumias. "Wa aleikum salaam. Nataka O hasi, yote mliyo nayo. Hapana, si kesho. Itoe kwa friji ukiwa unaongea na mimi." Akakata. Akamtazama Makokha aliyekuwa anakunja mkono wa shati.

"Mimi niliandika," akasema. "Ile mifuko ilipotoka niliandika hapo hapo kwa kompyuta."

"Najua. Wewe uliandika na seva ilijua. Nakala yangu ndiyo haikujua."

Hakuuliza zaidi. Makokha alikuwa mtoaji damu wa miaka mingi na faili lake lilikuwa pale pale, lakini Bi. Mwanaidi alimpima upya vipimo vyote vya haraka, bila kuruka hata kimoja. Kisha akamlaza kwenye kitanda, akamwingiza sindano.

"Kunja ngumi. Kunjua. Kunja."

"Bi. Mwanaidi, ile namba ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliiweka pale."

"Nyamaza, Makokha. Hapa ninatoa damu, sipokei maungamo. Kunja ngumi."

Mfuko ule ulikwenda thieta ukiwa bado na joto la mwili wake. Ulimshikilia yule mama hadi gari la wagonjwa lilipofika na damu kutoka Mumias, maji ya mvua yakiruka pande zote, dereva akipiga honi tangu langoni. Mimi na Makokha tulikaa kwenye benchi la korido. Nilimpa chai yenye sukari nyingi, akaishika bila kuinywa. Mume wa yule mama alikuwa kwenye benchi la mbele yetu, bado na viatu vya mkewe mapajani. Hakujua sisi ni nani. Tulisikia mtoto akilia kwanza. Halafu tukangoja sana. Halafu Sista Ayuma akatoka, akavua barakoa, akamwambia yule bwana, "Mama na mtoto wako sawa." Ndipo Makokha akainywa ile chai, ikiwa baridi.

Jioni hiyo hiyo alizima nakala zote, za kila ukurasa. Nilimwambia, "Mzee, hata orodha ya madaktari?" Akasema, "Hata hiyo." Sikumbishia. Kuna wakati mtu anaumwa na hutaki kumgusa.

Kesho yake hospitali ilisimama. Foleni ya kuandikisha wagonjwa ilitoka mlangoni ikafika kwa wauza ndizi. Wodi ya watoto walishindwa kuona dawa. Simu yetu ililia mpaka nikaiweka chini ya mto wa kiti. Makokha alikaa tu akiitazama seva ikihangaika. Mlango ukafunguliwa na Bi. Mwanaidi, bila kubisha.

"Umezima nini?"

"Kila kitu."

"Kwa nini?"

"Sitaki kudanganya mtu tena."

Bi. Mwanaidi akavuta kiti. "Sasa nisikilize. Hapo nje kuna mtoto mwenye degedege anangoja kwa sababu yule kijana wa dirisha la kuandikisha haoni jina lake kwenye kompyuta. Jana uliwapa watu jibu la zamani. Leo huwapi jibu lolote. Wewe unaona umetengeneza?"

Mimi ndiye niliyechukua kalamu. Nikasema, tuziangalie kurasa moja moja, na Bi. Mwanaidi atuambie, maana yeye ndiye anayejua kinachotokea upande wa pili wa skrini. Na kila ukurasa nilioutaja, alituuliza swali moja tu: "Hii ikiwa ya zamani, nani anaumia?"

Majina ya madaktari yakiwa ya jana? Hakuna. Basi nakala ikae siku nzima. Orodha ya dawa zinazotolewa hospitalini? Hakuna, mradi mwenye duka la dawa akibadilisha kitu, kule kubadilisha kwenyewe kuitupe nakala ya zamani papo hapo. Vitanda? Kidogo, mgonjwa atasukumwa hadi kitanda kilichojaa na watu watatukanana kwenye korido, lakini hafi mtu. Basi nakala iishi muda mfupi sana. Mzio wa mgonjwa kwa dawa? Hapo Bi. Mwanaidi alitutazama tu. Hiyo isiwekewe nakala. Damu?

"Damu," akasema Makokha mwenyewe, neno lake la kwanza tangu tuanze, "iulizwe kila mara."

"Na seva ikikataa kujibu?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ukurasa useme haujui. Usionyeshe namba yoyote. Uandike: sijui, piga simu maabara."

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote niliyoandika hapa. Mfumo ni kama mtu mwingine yeyote wa hospitali. Lazima ajue kusema sijui.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo mlango ukabishwa. Alikuwa yule bwana wa Malinya, safari hii na shati safi, na chini ya kwapa kuku, jogoo mwekundu mkubwa, akiwa na hasira. Sista Ayuma alikuwa amemwambia damu ilitoka kwa nani.

"Nimeleta ingokho," akasema. "Kwa yule mtu wa kompyuta. Kwetu mtu hawezi kukupa damu ukamwambia asante kwa mdomo mtupu."

Makokha alisimama, akarudi nyuma hadi ukutani. "Siwezi kuichukua. Ndugu yangu, wewe hujui. Mimi ndiye…"

Yule bwana alitutazama mmoja mmoja, haelewi. Bi. Mwanaidi akainuka, akampokea jogoo kwa mikono miwili, akamshukuru, akamuuliza hali ya mama, hali ya mtoto, kama mtoto ananyonya. Yule bwana alipoondoka akiwa ametabasamu, akamgeukia Makokha.

"Yeye amekuja kushukuru, si kusikiliza shida zako. Hizo tutazimaliza hapa ndani. Utamla huyu kuku, halafu utarudi kazini."

Bi. Mwanaidi alimchinja mwenyewe, maana yeye Mwislamu hakutaka kula kuku asiyejua alivyochinjwa. Kuku alipikwa jikoni kwa wafanyakazi, tukamla na obusuma, ugali wetu, na mboga za kienyeji, sisi watatu na Sista Ayuma. Tulipofika kwenye firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa, Bi. Mwanaidi aliisukuma upande wa Makokha.

Kisha Makokha alirudi kazini kweli. Na alichokifanya baadaye ndicho kilichokuwa ufundi, si ile nakala. Alikwenda kwenye mpangilio wenyewe wa data. Badala ya ukurasa kuhesabu historia yote kila unapofunguliwa, tulitengeneza jedwali dogo, kila kundi la damu mstari wake mmoja. Mfuko ukitoka, kuuandika na kupunguza ile hesabu ni tendo moja. Ama vyote viwili vinafanyika, ama hakuna. Ukurasa ukawa mwepesi kiasi cha kuvumilika. Tulijiuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Kwa sababu nakala ilikuwa imetufunikia kidonda, tukadhani kimepona.

Kwa hiyo jibu lenu ndilo hilo. Ukurasa wa damu ni wa polepole kwa sababu unakwenda wenyewe mpaka kwa seva kuuliza. Mkitaka kuupa mbio, nunueni seva nzuri zaidi, rekebisheni jedwali, fanyeni lolote. Lakini uacheni uende wenyewe.

Siku hizi nikipita mjini naona mnavyofanya kazi, mashine zenu ziko mbali hata hamjui ni nchi gani, na hakuna anayechomoa waya mvua ikija. Ni vizuri. Lakini huwa nakosa kile chumba. Nakosa harufu ya sabuni ukutani na sauti ya Makokha akiibembeleza mashine.

Siku aliyostaafu, miaka kadhaa kabla yangu, walimfanyia sherehe ndogo yenye keki na hotuba ndefu. Ilipokwisha akaniambia, "Nafula, nisindikize." Nilidhani anakwenda kituoni. Akageuka kuelekea wodi ya uzazi. Kumbe tangu siku ile hakuwahi kuingia tena mle. Kila printa ilipoharibika alinituma mimi.

Alimwomba sista wa zamu ruhusa, akafungua ukurasa wa damu. Tukangoja. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Namba zikaja. Alizisoma moja moja akizishika kichwani, midomo ikitikisika, kisha akatoka na mimi nikamfuata, tukavuka uwanja hadi maabara. Alibisha. Bi. Mwanaidi, naye nywele zilizochungulia kwenye ushungi zikiwa zimeanza kuwa nyeupe, akatufungulia.

Makokha alikwenda moja kwa moja hadi kwenye friji, akafungua mlango, akaanza kuitazama mifuko, rafu kwa rafu, kundi kwa kundi, akiigusa kwa ncha ya kidole. Alipofika mwisho akavuta pumzi ndefu. Namba zilikuwa sawa na zile za kompyuta. Aliendelea kusimama pale, mkono juu ya mlango, baridi ikimwagika miguuni mwake.

Bi. Mwanaidi akamsogelea.

"Funga mlango, Makokha," akamwambia polepole. "Unaipasha damu yangu joto."